Sanduku la Kujua, Si la Kuua

Wahenga walisema siku za mwizi ni arubaini. Mimi nawaheshimu wahenga, lakini methali hiyo ina pengo moja. Haituambii ni nani atakayezihesabu siku hizo, wala haituhakikishii kuwa atakayepigwa siku ya arubaini ndiye aliyeiba. Ndugu msomaji, nataka kukusimulia jinsi sanduku la mbao kuukuu, lililogharimu chini ya robo ya bei ya kuku mmoja, lilivyotuonyesha mwizi wa kweli, likamwokoa asiye na hatia na kuuponya ujirani uliokuwa umeanza kuoza. Nitaeleza pia namna ya kulitengeneza, maana najua wengi wetu tunaokuja shuleni kwa miguu kila asubuhi tunaacha nyuma mabanda ya kuku yanayovamiwa usiku.

Asiyeijua Chwele aambiwe kwamba hapa kuku si ndege tu. Soko letu huvuta watu kutoka Bungoma, Kitale na mbali zaidi. Huja kununua ndizi, nyanya na vitunguu vinavyositawi kwa mvua ya Mlima Elgon, ambao sisi Wabukusu tunauita Masaba. Na wengi hawaondoki bila kuku aliyefungwa miguu akining'inia kwenye usukani wa baiskeli au pikipiki. Nyumbani, mgeni asiyechinjiwa kuku huondoka akijiona kama hajafika. Firigisi ni ya mwenye mji, na ole wake mtoto atakayeionja jikoni. Kukhu, yaani nyanya yangu mzaa baba, hutuambia kwamba zamani wanawake waliwafuga kuku lakini hawakuruhusiwa kuwala. "Tulikuwa tunapika na kunusa tu," husema, kisha hucheka na kujichukulia paja.

Kwangu mimi kuku ni chakula cha mchana kwa njia nyingine. Tangu 2008 serikali hulipia masomo katika shule za kutwa kama yetu, lakini chakula cha mchana, sare na madaftari ni juu ya mzazi. Kila muhula unapofunguliwa, kukhu huuza kuku wawili au watatu, nami huingia darasani bila kuogopa jina langu kusomwa gwarideni. Kwa hiyo kuku wake akipotea, si yeye pekee anayelala na huzuni.

Mwaka 2024 ulikuwa mwaka wa tohara. Msomaji wa hapa hahitaji kuelezwa, lakini jarida hili husomwa hata na wageni, basi niseme kuwa Wabukusu hutahiri vijana wao kila mwaka unaogawika kwa mbili, na shughuli kubwa huwa mwezi wa Agosti. Wageni huwa wengi, sufuria huwa kubwa, na bei ya kuku hupanda. Kukhu alikuwa amejiandaa. Kufikia mwisho wa Mei alikuwa na kuku 23, bila kuhesabu vifaranga. Mitetea alipanga kuwauza shilingi 700 kila mmoja, na majogoo shilingi 1,000 na zaidi.

Juni ilipoanza, wakaanza kupungua. Kwanza tembe mmoja, kisha wawili kwa usiku mmoja. Tulikuta manyoya na matone ya damu. Mara moja tukakuta mtetea mzima amelala sakafuni, shingo imetafunwa na kichwa hakipo. Kufikia katikati ya Julai, kuku walikuwa wamebaki 14. Tisa walikuwa wamekwenda, na hakuna aliyekuwa ameuzwa.

Hapo ndipo kila mtu alipogeuka kuwa mpelelezi. Mama alisema ni vijana wanaokaa njia panda bila kazi. Shangazi alisema ni nguchiro. Ndugu yangu mdogo alisema ni mwewe, ingawa hakuna mwewe anayefanya kazi ya usiku. Baba yeye alikuwa na jibu moja: Simba.

Simba ni mbwa wa jirani yetu, mwenye rangi ya kahawia na sikio moja lililokatika. Asubuhi moja baba alimwona akitoka nyuma ya banda letu na manyoya ya kuku mdomoni. Ushahidi gani tena ungetafutwa? Baba alivuka ua palepale, hata chai hakunywa.

"Jirani," alisema, "mbwa wako anatumaliza."

"Mbwa wangu hula ugali," jirani akajibu. "Kama ameokota manyoya, ameyaokota. Kwani manyoya hayaokotwi?"

"Mbwa akishaonja damu ya kuku haachi. Hata wewe unajua."

"Basi nitajie siku uliyomwona akiua."

Maneno yalizidi. Wazee hao wawili, waliokuwa wakiazimana hata chumvi, waliachana bila kuagana. Nanyi mjue kuwa jirani huyo ndiye mwenye maksai na plau. Kila mwaka hutulimia shamba kwanza, nasi humsaidia kupalilia na kuvuna. Binti yake ndiye ninayetembea naye kuja shuleni alfajiri kungali na giza. Wiki hiyo alipita mbele ya lango letu bila kuniita. Nilimwona mgongo tu, nikaumia.

Siku ya tatu akaja mtu akampa baba ushauri. Kuna dawa ya shambani, alisema, ukiitia katika kipande cha nyama na kukitupa karibu na banda, asubuhi utamkuta mwizi amejilaza mwenyewe. Baba alinyamaza. Kunyamaza kwake kulinitisha kuliko hasira yake.

Kukhu ndiye aliyesema. "Sumu haina macho. Leo itakula mbwa, kesho itakula paka wangu, kesho kutwa itakula mtoto anayetambaa."

Na kweli, nchini kwetu dawa za mashambani zilizotegwa namna hiyo zimeua simba na tumbusi wengi. Mfugaji hukusudia kumlipiza mnyama mmoja, na mzoga wenye sumu ukamaliza kundi zima la ndege wanaokuja kuula. Sumu haiulizi jina la anayekula.

Jioni ile mimi na kukhu tulilichunguza banda polepole, kama mtu anayesoma ufahamu kabla ya kujibu maswali. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo, na haukuwa na alama ya kuvunjwa. Chini ya ukuta hapakuwa na shimo. Lakini juu, pale ukuta wa udongo unapokutana na mabati, palikuwa na pengo lenye upana wa kiganja. Chini ya pengo hilo ukuta ulikuwa na mikwaruzo myembamba, na kwenye ncha ya bati palinasa nywele chache za kijivu.

"Tangu lini mbwa akapanda ukuta?" kukhu aliuliza.

Nilikwenda kwa baba nikamwomba muda. Nilimwambia nitatengeneza mtego wa sanduku, wa kumshika mnyama akiwa hai. Kama atakayeingia ni mbwa, tutamwona. Kama si mbwa, tutamwona pia.

Baba aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Hiyo sanduku itashika nini? Na wewe msichana, nyundo umeishikia wapi?"

"Mpe," kukhu akasema. "Kuku ni wangu, na hasara ni yangu."

"Sawa. Wiki mbili. Zikiisha, nisisikie neno la mtu."

Kabla ya kupiga msumari wa kwanza, kukhu alimsihi baba aende kwa naibu wa chifu. Jambo hili nalisisitiza kwa wenzangu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kujitegea na kujiulia mnyama wa porini apendavyo, hata kama amemlia kuku. Naibu wa chifu alisikiliza, akasema: "Tegeni muone ni nini. Lakini msiue. Kitu kikiingia, nipigieni simu mimi kwanza, hata kama ni saa kumi na moja alfajiri."

Masanduku ya namna hii si uvumbuzi wangu. Mwalimu wetu wa Jiografia alipopata habari alinieleza kuwa Ulaya na Amerika ya Kaskazini wawindaji wametengeneza masanduku ya mbao kwa miaka mingi ili kumnasa mnyama mdogo aitwaye marten, ambaye manyoya yake ni ya thamani. Mnyama huyo ni wa ukoo mmoja na nyegere, kicheche na fisimaji wetu. Huko Kroatia, zamani watu walilipa kodi kwa ngozi zake, na kwa sababu hiyo pesa za nchi hiyo ziliitwa kuna, ambalo ndilo jina lake kwa lugha yao. Zilitumika tangu 1994 hadi mwisho wa 2022, kisha wakaanza kutumia yuro. Wanachama wa Chama cha Kiswahili watapenda kujua kuwa kumbe mtu angeweza kwenda dukani huko akaulizwa "kuna?" na akajibu "hakuna" bila kukosea! Mwalimu alisema kuwa mnyama yeyote mwembamba anayepanda, anayetembea usiku na kupenya matundu madogo huweza kuingia sanduku kama hilo. Wale walitafuta ngozi, nami nilitafuta jina la mwizi.

Sasa sikiliza namna nilivyolitengeneza.

Wauzaji wa nyanya sokoni huwa na masanduku ya mbao yaliyovunjika. Nilinunua mawili kwa shilingi 80. Misumari ya inchi moja na nusu ilikuwa ya shilingi 50, na kamba ya nailoni shilingi 20. Jumla ni shilingi 150. Bati la mlango nilikata kutoka debe la mafuta ya kupikia lililotoboka, na wavu wa waya ulikuwa kipande kilichobaki tulipojenga kizimba cha vifaranga. Msumeno na nyundo niliazima kwa fundi anayetengeneza vitanda njiani. Alikataa malipo, ila alitaka aambiwe tutakamata nini.

Nilibomoa masanduku hayo na kuunda moja refu, lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 25 na kimo cha 30. Urefu ni muhimu. Mnyama anapaswa awe ameingia wote, hata mkia, kabla ya kugusa chambo, la sivyo mlango utamwangukia mgongoni. Upande wa nyuma niliziba kwa wavu, ukiwa umekunjwa mara mbili. Harufu na mwanga hupita, naye huona kama kuna njia ya kutokea. Lakini hawezi kuingiza mkono kutoka nje akaiba chambo.

Mbele nilipigilia fito mbili kila upande, zikaacha njia nyembamba katikati. Katika njia hizo mlango hupanda na kushuka wima. Mlango wenyewe ni ubao niliouvika bati ili mnyama asiutafune. Kingo za bati nilizikunja kwa koleo zisimkate. Kisha nikasugua mshumaa katika njia za mlango. Fizikia ya Kidato cha Pili ilinisaidia hapo: msuguano ukiwa mwingi, mlango hukwama nusu ya safari, na mgeni wako huondoka akikucheka.

Sehemu ya kufyatua ndiyo akili ya sanduku. Katikati ya paa nilisimamisha kijiti chenye panda kama cha manati. Kamba imefungwa juu ya mlango, ikapita kwenye panda, ikaenda nyuma hadi kwenye tundu dogo la paa. Mwisho wa kamba kuna kijiti chenye pengo ubavuni, nacho huteremshwa katika tundu hilo mpaka pengo linase ukingo wa ubao. Chambo hufungwa chini ya kijiti, ndani ya sanduku. Mnyama akivuta chambo, pengo huchomoka, uzito wa mlango huvuta kamba, na pwaa! mlango uko chini. Mwisho nilipigilia kipande cha bati nilichokikunja kama ulimi. Mlango ukishuka, ulimi huo huruka juu yake, na aliye ndani hawezi kuuinua kwa pua.

Tuliliweka sanduku kando ya ukuta wenye mikwaruzo, tukalifunika kwa gunia na kulikandamiza kwa mawe mawili. Usiku tatu za kwanza nilifunga mlango ukiwa wazi, nikaweka chambo bila kutega. Kukhu ndiye aliyenishauri. "Mwizi akikaribishwa kwa upole hurudi bila kubisha hodi," alisema. Usiku wa tatu chambo kililiwa.

Usiku wa nne nilitega. Asubuhi chambo hakikuwapo na mlango ulikuwa juu vilevile. Panya alikuwa amekula kwa adabu bila kutikisa kijiti. Nikalichonga pengo la kijiti liwe jembamba zaidi. Usiku wa sita tukasikia pwaa! Tulitoka mbio na tochi, baba akitangulia na rungu. Ndani ya sanduku alikuwamo paka wa kukhu, ametuna kwa hasira, na kichwa cha samaki kilikuwa tayari kimemalizika. Baba alirudi kulala bila kusema lolote. Alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Tangu siku hiyo samaki aliachwa, na paka alifungiwa jikoni. Tukatumia matumbo ya kuku, na yai moja bovu.

Siku zilikwenda. Ya saba, ya nane, ya tisa, kimya. Siku ya kumi Simba alikuja kunusa sanduku, akaweka kichwa mlangoni, akaondoka. Mabega yake hayakupita. Nilimwita baba aone. Aliona, akakohoa, akaenda zake kukamua ng'ombe.

Usiku wa kumi na moja sikusikia kitu kwa sababu mvua ilikuwa kubwa juu ya mabati. Alfajiri nilipokwenda na tochi nikakuta mlango umeshuka. Harufu kali ilinipiga puani. Niliinua ncha ya gunia, na macho mawili yakawaka.

Hakuwa mbwa. Hakuwa nguchiro wala paka. Alikuwa mnyama mwembamba wa kijivu, mwenye madoadoa meusi mwilini, uso uliochongoka, na mkia mrefu kama mwili wake uliozungushiwa pete nyeusi na nyeupe tangu mwanzo hadi ncha. Alikuwa kanu. Alinikoromea, nami sikuona aibu kurudi nyuma hatua tatu.

Kufikia saa kumi na mbili na nusu ua ulikuwa umejaa watu. Fundi wa vitanda alikuja. Mtu wa sumu alikuja pia. Mwisho akaja jirani yetu, na Simba nyuma yake. Watu wakampisha. Aliinama, akatazama ndani ya sanduku muda mrefu, akasimama wima bila kusema neno. Wote tukamtazama baba.

Baba alivua kofia. "Jirani," alisema, "ulimi wangu ulitangulia macho yangu. Nisamehe mimi, na huyo mbwa aniwie radhi."

"Mbwa hana kinyongo," jirani akajibu. "Mimi ndiye nilikuwa nacho, lakini kimeisha." Wakashikana mikono. Binti yake alikuwa amesimama karibu na lango akiwa na sare. Aliniuliza, "Leo hatuendi shule?" Basi nikajua mambo yametengenea.

Lakini kulikuwa na jambo moja limebaki. Vijana walitaka kanu auawe. "Amekula tisa! Muue!" Mmoja alitaka ngozi, mwingine mkia. Naibu wa chifu alifika kwa pikipiki akawanyamazisha. Aliwapigia simu askari wa wanyamapori, nao wakasema asiguswe kwa mkono, maana huuma, na mnyama wa porini huweza kuwa na kichaa cha mbwa. Apelekwe akiwa sandukuni hadi kwenye vichaka alikotoka, aachiliwe, na banda lizibwe siku hiyohiyo. Tulilibeba sanduku kwa mti uliopitishwa katika kamba, tukashuka nalo mtoni, tukainua mlango kwa fito ndefu. Kanu alitoka kama mshale. Hata kwaheri hakutuaga.

Wengine walimcheka kukhu, ati amemsamehe mwizi wa kuku tisa. Alijibu kwa swali: "Na panya wanaomaliza mahindi ghalani, mnafikiri huliwa na nani?" Hakusoma shule, lakini alisema kweli. Kanu hula panya na wadudu kuliko kuku. Tena ukimuua huyu na kuliacha pengo wazi, mwingine atakuja, kwa maana mlango wa hoteli bado uko wazi.

Mwalimu wa Jiografia aliniongezea mfano wa mbali. Mwaka 1872 wakulima wa miwa wa Jamaika walileta nguchiro kutoka India ili wawamalize panya waliokuwa wakitafuna miwa. Mwaka 1883 wenzao wa Hawaii wakaiga. Nguchiro walizaana. Walikula panya, ndiyo, lakini wakala pia ndege wa porini, mayai yao na kuku wa watu, na hadi leo visiwa hivyo vina nguchiro wasiotakiwa. Wale waliingiza mnyama bila kumjua vizuri. Sisi tulikaribia kuua mnyama bila kumjua kabisa. Haraka ni ileile.

Jioni hiyo baba na jirani walichanganya udongo na majani makavu, wakaziba pengo la juu, na mahali pa kupitisha hewa wakapigilia wavu wa waya. Kazi hiyo ilichukua saa mbili. Saa mbili tu, ndugu msomaji! Kuku tisa, ugomvi wa wiki tatu, na nusura mbwa afe, kwa pengo la kiganja kimoja. Tangu usiku huo hatujapoteza kuku hata mmoja bandani. Wale 14 walifika Agosti, kukhu akauza wanane kwa bei ya tohara, nami nikamaliza mwaka nikila chakula cha shule bila deni. Machi 2025 mvua ilipoanza, maksai wa jirani waliingia shambani mwetu kwanza, kama zamani.

Kwa yeyote atakayetaka kutengeneza sanduku kama hili, nina mashauri machache. Kwanza, kagua banda kabla ya kutega. Pengo la juu humwalika kanu, shimo la chini humwalika nguchiro, na vifaranga wanaopotea mchana kweupe uwanjani huenda wamechukuliwa na mwewe, ambaye sanduku halimhusu. Pili, mwambie naibu wa chifu kabla, si baada. Tatu, tazama sanduku kila alfajiri bila kukosa, na ukiwa huna nafasi ya kulitazama, usilitege. Mnyama aliyefungwa juani bila maji anateswa. Nne, usiingize mkono, hata kama aliyemo anaonekana mpole. Tano, ukishamjua mwizi, ziba njia yake. Bila hilo la tano, umetengeneza sanduku la kuchezea.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Katika kijiji kitu kinapopotea, jina la mtuhumiwa hupatikana upesi kuliko kitu chenyewe. Tuna majina tayari: kijana asiye na kazi, mgeni aliyehamia juzi, mbwa mwenye sikio moja. Mara nyingi hatuna ushahidi, tuna mazoea. Sanduku halina mazoea. Halikumjua Simba wala halikumchukia. Lilikaa pale gizani likiwa na mlango wazi, likamngoja anayekuja kweli.

Sanduku bado lipo, limetundikwa nyuma ya jiko la kukhu. Limekwisha azimwa na nyumba tatu. Anayetaka vipimo aje Kidato cha Tatu wakati wa mapumziko ya chai. Sanduku lenyewe nitamwazima bure, ila chambo ajiletee.